Sikio la Baba

Kiini kiligoma tena. Fundi alisoma maandishi mekundu kwenye skrini, akasonya. Bado kikubwa mno.

Kisanduku chenyewe kililala mezani, hakizidi kiberiti, waya mmoja ukienda kwenye kipaza sauti kidogo na mwingine kwenye kidude cha kuvaa sikioni. Alikuwa akimtengenezea baba yake, ambaye masikio yake yalifunga duka tangu alipougua homa kali. Kisanduku kiliendeshwa na mfumo wa kompyuta uitwao Linux, na kiini cha Linux, ile sehemu inayoiamrisha mashine nzima, kilikuwa kinene kuliko nafasi iliyokuwamo. Kilikuja na mizigo ya kila aina: ya printa, ya kamera, ya diski ambazo hata makumbusho hayana. Kazi ilikuwa kupunguza. Unafuta tiki kwenye orodha ya mizigo hiyo, unakijenga upya, unakipima, unaanza tena.

Baba aliketi dirishani, mgongo kwake, akimenya chungwa.

"Usijisumbue, mwanangu," alisema kwa ile sauti kubwa ya viziwi. "Kimya kimeshanizoea."

Fundi aliinamia skrini. Lakini mikono ikiwa kazini mdomo nao hutafuta kibarua, na kwa baba ndiko alikojimwaga siku zote. Kumwambia baba ilikuwa kama kukiambia kisima.

"Kitinda kanitumia ujumbe tena," alisema, akifuta tiki. "Anataka tuyamalize. Nimeufuta hata sijaumaliza."

Kitinda ni mdogo wake, ziwa moja. Mwaka uliopita fundi aliazimia kumwacha mumewe kimyakimya, yeye na mtoto wake. Hata chumba alishapata. Alimwambia Kitinda peke yake, ukimtoa baba, ambaye kwa uziwi wake hakuhesabika. Siku ya kuondoka akakuta kabati la mtoto tupu. Mumewe, asiyekosa Jumapili kuja kucheza karata na mkwewe, alikuwa ameshampeleka mtoto kwa bibi yake mzaa baba, mji wa mbali.

"Ulidhani sitajua?" ndilo neno pekee alilomwambia.

Hadi leo fundi humwona mwanawe kwa ruhusa, kama anayemtazama mgonjwa hospitali. Kitinda alilia, akaapa kwa kaburi la mama yao kwamba hakumwambia mtu. Fundi akamfungia mlango.

"Kikulacho ki nguoni mwako, Baba," alisema sasa. "Huyu nilimbeba mgongoni. Angenifanyia adui, ningelala usingizi. Lakini huyu?"

Baba aliacha kumenya. Kisha akaendelea.

Tiki nyingine, na nyingine tena. Fundi akakijenga upya. Safari hii kiini kiliteleza ndani na nafasi ikabaki. Alicheka peke yake. Akamvalisha baba kidude sikioni, akamtia kisanduku mfukoni mwa shati, akamwandikia kwenye simu kwa herufi kubwa: TAA IKIWAKA, UTASIKIA.

Baba alisoma, akaitikia kwa kichwa. Taa ya kijani ikawaka.

Fundi alirudi kwenye kompyuta kuhifadhi kazi yake, ndipo akaona. Tiki moja aliyoifuta akidhani ni ya takataka, kumbe sauti yote ilikuwa imeiegemea. Ilipoondoka, sauti nayo ikaondoka. Kisanduku kilijua kuwasha taa tu. Hakikuweza kupitisha hata mlio wa nzi. Ni sawa na kumtia baba kokoto sikioni.

Baba alikuwa ameshageukia dirisha, akingoja. Fundi aliinamisha kichwa juu ya meza.

"Nisamehe, Baba," alinong'ona.

"Nikusamehe nini, mwanangu?" baba alijibu polepole, bila kugeuka. "Mbona nakusikia vizuri kabisa."