Kipochi cha Madume

“Hiki kipochi, hakuna mwizi amewahi kukifungua!” Apua aliwatangazia watu waliojaa mbele ya duka la Adut, kambini Kakuma. Kisha akajikuna shingo. “Kusema kweli, hakuna pia aliyewahi kukinunua, isipokuwa huyu Adut.”

Watu wakacheka. Mawien, shemeji ya Adut, hakucheka. Kipochi kilikuwa mkononi mwake, kidogo kama kiberiti, na hakuwa na nia ya kukirudisha.

Apua, fundi kutoka Lodwar, alikiunda kwa ajili ya watu wenye sarafu za kidijitali ambao tarakimu za siri huwatoroka. Kioo chake huonyesha madume ya ng'ombe: jekundu, la kijivu, la madoa, jeusi lenye kichwa cheupe, kwani kambini kila mwanamume ana dume lake la rangi yake, analojisifia kwa nyimbo. Ukiyagusa kwa mpangilio wako, kinafunguka.

Akiba yote ya Adut ilikuwa humo, pamoja na karo ya binti yake.

“Ni mali ya marehemu ndugu yangu,” Mawien alimwambia Mzee Lueth, mwenyekiti wa bloku yao ya kambi. “Huyu mjane ameiba.”

“Mume wangu aliniachia vitu viwili,” Adut akasema. “Blanketi na wewe. Blanketi lina faida.”

“Nyamaza, fisi!”

“Mtukane, lakini rudisha kipochi,” Apua alisema.

“Wewe Mturkana, kazi yako ni kuuza makaa.”

“Na yako ni kunywa chai ya mjane bure, kila siku, ukimkodolea macho akifungua kipochi chake.”

Hilo lilikuwa kweli. Adut alikuwa akikifungua pale pale mezani, mbele ya shemeji yake, bila hata kukiziba kwa mkono.

Lueth aliinua fimbo. “Mawien, marehemu alikuambia mpangilio?”

“Kwa mdomo wake, akiwa anakata roho. Alisema, ‘Ndugu yangu, hivi ndivyo nilivyopanga mwenyewe.’”

“Basi fungua tuone.”

Mawien hakusita. Kichwa cheupe. Jekundu. La madoa. La kijivu. Kipochi kikalia tii! kikafunguka.

Jamaa zake wakapiga makofi. Adut alijifunika uso kwa viganja, mabega yakimtikisika.

Apua akachungulia kioo. “Hili la kwanza, la kichwa cheupe, ni dume la nani?”

“Langu!” Mawien alijipiga kifua. “Nani hapa hajanisikia nikiliimba?”

“Na la marehemu?”

“Jekundu.”

Makofi yakakatika. Lueth alishusha fimbo taratibu.

“Mawien. Ndugu yako apange madume kwa mkono wake, halafu la kwako litangulie la kwake?”

Mawien akakigeuzageuza kipochi mkononi.

Adut akaondoa viganja. Alikuwa anacheka.

“Huo ni mlango wa wezi, shemeji; akiba yangu ina mpangilio mwingine. Humo ulimofungua mna bei ya chai tu. Nilianza na dume lako ili usilisahau.”