Aliyekaa Kula Hainuliwi

Mgambo alikuwa ameshainua shoka aangushe nguzo ya nyumba, Theodosia akamwambia, "Ngoja, mwanangu. Kuna mwenzangu amekaa kula."

Ilikuwa mwaka wa Operesheni Vijiji, serikali ilipohamishia watu kwenye vijiji vipya. Kitanga nzima ilikuwa imeshahamia kando ya barabara, amebaki Theodosia tu. Na kwetu Waha, aliyekaa kula hainuliwi, hata aje mwami mwenyewe, mtawala wetu.

Chini ya nguzo palikuwa na buibui wa shimoni, mwenye manyoya, mkubwa kama sahani, na msinibishie. Alikuwa ametandaza miguu ya mbele juu ya nyuzi zake, ametulia tuli. Nyenje akagusa uzi mmoja. Buibui akachomoka, akamdaka, akamburuta ndani.

Mgambo alijikuta amechuchumaa. "Kumbe hafukuzi windo?"

"Afukuze ya nini? Hapa ni kwake."

Mgambo akasimama haraka, akajipangusa magoti. "Haya, bibi, ameshakula. Sasa toka."

Theodosia akaketi kizingitini, akapakata chungu kilichojaa maharage. Akachukua punje moja, akaanza kuitafuna polepole.