Fisi Alivyoshinda Mbio za Nyika

Nyie mnaokimbia polepole kama mimi, sogeeni mbele msikie.

Wanyama walikuwa na mbio zao za nyika, zilizoanza na kuishia kwenye uwanja wa zamani wa mbio za farasi. Langoni palisimama ubao wa historia. Kila mwaka liliandikwa jina la mshindi, na chini yake jina la wa mwisho na yaliyompata. Wote walisoma washindi tu.

Mwaka wa tisa Digidigi aliteguka mguu siku moja kabla ya mbio. Akijua atakuwa wa mwisho, akasoma yale majina ya chini. Sungura, aliona aibu, akarudi kwao. Kanga, aliona aibu, akarudi kwao. Wote wanane walirudi kwao, na hakuna aliyeonekana tena. Ile miguu mitatu mizima ikatetemeka kuliko ule mbovu.

"Usihofu, mwanangu," alisema Fisi, ambaye kazi yake ilikuwa kukimbia nyuma na kuwasaidia waliochoka. "Kwenye vile vichaka vya kule mbali nitakuwa nawe."

"Ahsante, mzee. Nawe ukichoka?"

Fisi akacheka. "Mimi sichoki."

"Hata hivyo nimekutafutia msaidizi. Nyati atakimbia nyuma yako. Hapendi kucheleweshwa."

Filimbi ikalia. Fisi akasikia kwato mgongoni. Akampita Digidigi, akampita Swala, akawapita wote, akakata utepe huku analia.

Ubao bado upo. Mshindi wa mwaka wa tisa ni Fisi, na rekodi yake haijavunjwa. Chini yake pameandikwa: Digidigi, alifika akichechemea.