Mshono wa Somoe

Mambo yaliharibika Alhamisi, siku ya arobaini ya marehemu mkewe, Somoe. Watu wako nyumbani wanasubiri dua, yeye Mzee Chilumba kaitwa kwenye ghala la ushirika kuambiwa ni tapeli.

"Huu ufuta si wa bonde hili," alisema meneja, akipiga teke gunia lililoandikwa jina la Chilumba. "Umenunua kwingine, ukatuletea. Tunakufutia uanachama."

"Nimelima na Somoe! Nyie wa kukaa vivulini mtajulia wapi?"

Binti wa maabara alimwonea huruma. "Baba, punje hubeba madini ya udongo ilikoota. Nimepima mara tatu. Hizi zimeota mbali."

Chilumba aliuma meno. Ule ndio ufuta wa mwisho aliopanda Somoe. Hata gunia alilishona mwenyewe, homa imempanda, hataki kusaidiwa.

Akapiga magoti, akapapasa mdomo wa gunia. Somoe alishonea mkono wa kushoto. Siku zote mishono yake ililala kushoto. Hii ililala kulia.

"Binti," alisema taratibu, "kipimo chako kimesema kweli."

"Mmesikia? Kakiri mwenyewe!" meneja akadakia.

"Sijakiri kitu, bwana mkubwa. Gunia hili hakulishona mke wangu. Nililileta la kwake hapa, ukalipokea wewe, ukafunga mlango, na ufunguo unao wewe peke yako."

Binti akaacha kuandika, akamtazama meneja. Mzee bado kapiga magoti, kidole kwenye uzi, akamuuliza meneja:

"Sasa ufuta wa Somoe uko wapi?"