Mlango wa Bi Fuko

Maharage yangu yanaungua nanyi mnadai hekaya! Haya, sikilizeni.

Kiboko, mkuu wa mji, alitaka kujenga soko juu ya shimo la Bi Fuko. Bi Fuko hakulia. Alimshtaki kwa hakimu Korongo.

"Nilimpa notisi ya kuhama," Kiboko akaapa. "Niliibandika mlangoni kwake mwenyewe."

"Mheshimiwa hakimu," Bi Fuko akasema, "twende akatuonyeshe huo mlango."

Kiboko akauzunguka uwanja mzima asiuone, maana fuko huziba mlango kwa udongo. Akachoka, akaketi.

"Mkuu," Bi Fuko akasema, "umeukalia."

Mwanamke yule hana macho, lakini kichwa anacho! Korongo akaamuru soko lijengwe kwenye dimbwi la Kiboko, na hadi leo Kiboko anaoga kwa kopo.