Udi Kabla ya Kipimo

Siwema alifika zahanati mpya na faili kwapani. Lilikosa karatasi moja tu, ya kipimo cha hewa. Ndani alikuta moshi umetanda, na Bi Mize, mfagizi, akizungusha chetezo cha udi.

“Nawafukizia wageni, mwanangu.”

“Bi Mize! Wanakuja kupima hewa! Ikiwa chafu hatupati cheti cha jengo la kijani, lisilodhuru mazingira. Mwisho wa kupeleka nyaraka ni saa sita leo. Tukikosa, hatufungui mpaka mwakani.”

“Udi nao uchafu?”

Siwema alifungua madirisha yote, akavua mtandio, akaupunga moshi kama anayefukuza kuku. Bi Mize akamfuata na kanga yake.

Mpimaji akaingia, akavuta pumzi.

“Mashaallah, kunanukia!”

Akawasha mashine. Namba za uchafu zikaanza kupanda.