Kishimo cha Kwanza

Kishimo cha kwanza kiligeuka manjano tena.

Mizani alikiinua kijisahani cha plastiki chenye vishimo vya kupimia damu, akakielekeza dirishani, kana kwamba mwanga wa jua ungemhurumia. Haukumhurumia. Vishimo vya wagonjwa vilikuwa na rangi zake, vingine hafifu, vingine vya kukolea, kama ilivyotarajiwa. Lakini cha kwanza, cha damu safi, kilipaswa kubaki maji matupu.

"Yale yale ya juzi," alisema.

"Yale yale," aliitikia Kicheko, msaidizi wake, bila kucheka. Hilo peke yake lilimtia mtu shaka.

Hospitali nzima ilimwita Mizani kwa sababu mkuu huyo wa maabara hakupindisha kitu. Kazi yake ilikuwa kupima kingamwili zilizoasi, askari wa mwili wanaomwacha adui na kuigeukia figo ya mwenye mwili. Rangi ikikolea, askari hao ni wengi, na figo itaumwa hata kama leo haijasema neno. Rangi ikififia, nafuu iko njiani. Damu hutoa habari miezi mingi kabla ya mkojo.

Maabara nyingine huridhika na damu safi inayoletwa kutoka kiwandani. Mizani alikuwa na desturi ya kuongeza nyingine ya hapo hapo, ya mtu mzima asiyeumwa, iliyogawanywa katika tyubu ndogo na kugandishwa. Ya kiwandani ilikuwa imebaki maji matupu. Basi mashine haikuwa na kosa, wala dawa za kupimia. Kuna mkono uliozigusa tyubu za hapo.

Mkono wa nani? Kicheko aliwahi kuutaka ukuu wa maabara, akaukosa. Mizani alikuwa amebadilisha kufuli la friji na kuuvaa ufunguo shingoni, na bado. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Macho yamekuvimba, bosi. Unalala kweli?"

"Nalala jicho moja wazi, kama anayeishi na mwizi."

Simu ililia. Alikuwa daktari wa figo. "Mama, yule mgonjwa wangu mshonaji haachi kuniuliza. Nimwanzishie dawa kali au nisubiri?"

"Hakuna jibu linalotoka hapa mpaka nimjue anayechezea damu."

"Dawa hiyo inaweza kumfungia uzazi, mama, naye hajapata hata mtoto mmoja. Na nikichelewa kumpa, figo zinakwenda. Siwezi kubahatisha."

"Wala mimi," alisema Mizani, akakata simu.

Kesho yake asubuhi aliamuru damu safi ichotwe upya, kutoka mshipa ule ule wa siku zote.

"Mshipa mgumu kama tabia ya mwenyewe," alinung'unika Kicheko akitafuta pa kuchoma.

"Choma, acha maneno."

Sindano ikaingia. Mizani hakupepesa macho mpaka tyubu ikajaa. Kicheko akabandika pamba, na kabla hajavua glavu, Mizani alikuwa ameshaipokea tyubu ingali na joto, akamwonyesha mlango.

Siku nzima alifanya kazi peke yake, mlango umefungwa kwa ndani. Aliizungusha damu kwenye mashine, akaipima, akaosha vishimo, akaongeza dawa ya rangi. Miguu ilimjaa kwa kusimama, akalegeza kamba za viatu vilivyokuwa vikimbana siku hizi kila kukicha. Kisha akasubiri.

Manjano. Iliyokolea kuliko jana.

Alifungua mlango. Kicheko alikuwa ameegemea ukuta wa korido, hajatoka hata kwenda kula.

"Ingia. Tyubu ilitoka mkononi mwako ikaingia mkononi mwangu. Hakuna mwingine. Uliweka nini kwenye sindano?"

"Sikuweka kitu."

"Nakwenda kwa mkurugenzi. Ukikiri sasa, nitakuombea ubaki na kazi. Nikishatoka hapa, basi."

Kicheko alikitazama kijisahani mezani, akakitazama muda mrefu.

"Nilitamani sana liwe kosa langu," alisema. "Jana sikulala, narudia kila hatua kichwani, natafuta nilipoharibu. Sikupata." Akavuta kiti, akakisukuma kuelekea kwa Mizani. "Mpigie daktari. Jibu la mshonaji ni sahihi. Yote ni sahihi. Keti, dada."

Hakuwahi kumwita dada.

Mizani alibaki amesimama. Alikitazama kishimo cha kiwandani, maji matupu. Alikitazama cha mshonaji, rangi iliyofifia kuliko ya vipimo vyake vyote vya nyuma. Akakitazama cha kwanza. Halafu akaketi, akanyanyua simu.

"Mshonaji wako mwache asubiri," alimwambia daktari. "Kingamwili zake zimeshuka. Hahitaji dawa kali."

"Alhamdulillahi! Ahsante, mama. Na yule mchezea damu, umempata?"

Mizani aliikandamiza simu kwa bega, akakunja mkono wa koti lake jeupe hadi juu ya kiwiko.

"Nimempata," alisema, akabandua taratibu ile pamba ya asubuhi.